Katuni Iliyomliza Mama Nyangeta

Filamu ile nimeitazama mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa msichana, nimeketi kwenye benchi la banda la video pale Mwigobero, Musoma, na Pili, binti wa fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akitueleza wanachosema. Mara ya pili ni mwaka huu, Bunda, sebuleni kwa binti yangu, kwenye televisheni ya ukutani, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Mara zote mbili niliinuka na wivu. Sisemi hivyo kwa majuto. Kuna watu wamezaliwa na pumu, mimi nimezaliwa na wivu, na ukiamka naujua kabisa mahali unapokaa, hapa chini ya titi la kushoto, kama tonge lililogoma kushuka.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikateremka kutoka Butiama ninakofundisha nikamsalimie binti yangu na mjukuu. Mvua ikatufungia ndani. Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo, mtoto kawekewa katuni yake ili atulie, mimi hata siangalii. Nilipoinua kichwa kupumzisha shingo nikamwona bibi mmoja wa kuchorwa, kajifunga kilemba cheupe, kainama ufukweni anaanika visamaki vidogo kwenye mikeka. Anavitawanya kwa kiganja, hivi, kwa nje ya mkono, kama tunavyotawanya dagaa. Mkono wangu ukakauka juu ya ungo. Nikamwambia binti yangu, "Usibadilishe! Ole wako uguse hiyo rimoti." Akashangaa. "Mama, ni katuni ya Kijapani hiyo." Nikamwambia, "Naijua kabla hujazaliwa." Nikavaa miwani, nikasoma kila neno lililopita chini mpaka mwisho, na mchele ule siku ile alikuja kuumalizia yeye. Aliponiuliza, "Mama, unalia?" nilimjibu, "Silii. Nimekasirika." Na kweli nilikuwa nimekasirika. Baada ya miaka yote ile nilikuwa nimegundua kwamba Pili hakutueleza ile filamu, alijitungia yake, na katika kutunga kwake kuna mtu aliibiwa. Mtu huyo ni mimi. Haikupita hata wiki mbili simu ikaja kutoka Musoma kwamba Shangazi, Mama Nyangeta, ametangulia mbele ya haki. Nikafunga mzigo wa msiba nikiwa bado na hasira ya katuni, na kila nilipotaka kulia nilimwona yule bibi wa kilemba cheupe.

Habari za kwetu Kiriba naziacha, si za leo. Itoshe kwamba nilipochaguliwa kwenda sekondari mjini nilifikia kwa Shangazi, dada wa baba yangu, aliyekuwa akiishi Makoko na kuuza dagaa Mwigobero. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili. Kimoja alilala yeye na magunia, kingine nilipewa mimi, na ndani yake mlikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, meza yenye mguu uliofungwa mpira wa baiskeli, na juu ya kitanda, msumarini, gauni la njano lenye kola nyeupe. Hakuna aliyenieleza habari ya gauni lile, nami sikuuliza, maana niliijua. Lilikuwa la Nyangeta, mtoto wake wa pekee, alishonewa na baba yake Pili, Fundi Shabani, kwa ajili ya Krismasi, na kabla Krismasi haijafika boti ya kwenda vijijini ikapinduka naye yumo. Wengine walipatikana. Nyangeta hakupatikana. Hakuwahi kulivaa hata mara moja. Usiku wa kwanza Shangazi alisimama mlangoni na taa, akaniambia, "Wewe mtoto, kila kitu humu ni chako, isipokuwa hilo," akaondoka. Basi nililala mwaka mzima chini ya kile nilichokatazwa. Asubuhi jua likipenya dirishani lilianza kugusa njano ile kabla halijanigusa mimi, na mimi, msichana mwenye magauni mawili yaliyofifia, nilimwonea wivu marehemu. Naam. Na hata kumwita marehemu ilikuwa mwiko.

Kwa maana kwetu, maji yakimchukua mtu yakakataa kumrudisha, hukatwa shina la mgomba, likavishwa nguo yake, likaliliwa na kuzikwa kama mtu. Hapo ndipo matanga huwekwa, watu wakanyoa, na jina likapumzika. Kabla ya mgomba halii mtu. Shangazi aliukataa mgomba. Shemeji yake, Mzee Majura, ndugu wa mumewe, alikuwa akija kutoka Kiriba kila mara kumbembeleza, na mimi nilisikia yote kwa sababu ukuta wa vyumba vile haukufika juu. "Mama Nyangeta, watu wanasema. Mtoto anatangatanga huko. Mpe nguo yake tumzike." Naye Shangazi, bila kupandisha sauti, anakoroga chai: "Shemeji, mimi sikuzaa mgomba." "Hata kulia hujalia!" "Nimlilie nani? Umemwona amekufa?" Mzee anavuta pumzi, anakunywa chai yake kwa kelele, anaaga. Kesho yake sokoni watu wanamwita huku na kule, Mama Nyangeta pima hapa, Mama Nyangeta funika mvua inakuja, na kila alipoitwa yeye, yule naye aliitwa. Mimi nilikuwa "wewe mtoto". Nilichota maji, nilibeba ndoo za dagaa kichwani mpaka nywele zikanuka, shuleni wenzangu wakahama dawati, na jioni nilimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Nilitaka kitu kimoja tu mwaka ule, na nakisema bila aibu ingawa nina wajukuu: nilitaka siku moja aniite Nyasatu, kwa jina langu, kwa sauti ile aliyokuwa akimwitia Pili.

Maana Pili aliitwa! Pili huyo, jirani, wala si ndugu, Mwislamu sisi Wakristo, alikuwa akiingia kwetu bila hodi saa ya chakula cha jioni, ugali wa muhogo unafuka, anakaa chini, ananawa, anatia mkono kwenye sahani ya Shangazi. Si sahani yangu, sahani ya Shangazi! Mimi nimetengewa changu pembeni kama mgeni. "Pili mwanangu, chukua kichwa hiki, unakipendaga," na kichwa cha sato kinahamia kwake, kile kichwa ambacho mimi nilikiparua magamba. Halafu anaanza kusimulia. Alikuwa ameishia darasa la saba, anashinda dukani kwa baba yake akitia vifungo, na lile duka lilipakana na banda la video la Bwana Mafuru. Mchana kutwa alisikia kwa ukuta yule kijana aliyekuwa akitafsiri filamu, na jioni alituletea zote kwenye ugali: Wachina wanaruka, Wahindi wanaimba, askari anageuka ni mwizi. Alibadili sauti, akawa mzee, akawa mtoto, akawa farasi. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipojaribu mimi kusimulia habari za shule, jiografia yetu na sayansi yetu, alisema, "Ni vizuri, soma," akaanza kuokota mifupa. Mungu ananiona, nilikuwa nasali Pili aolewe mbali.

Sasa lile banda lilikuwa la wanaume. Mwanamke mwenye heshima zake hakuingia. Ila Jumapili moja mchana jambo likatokea. Bwana Mafuru alikuwa ameletewa kanda mpya kutoka Mwanza, na moja juu ya boksi lake kulikuwa na jamaa kifua wazi kashika panga. Vijana wakajaa. Kanda ikaingia kwenye deki, ikatoka katuni! Mtoto mwenye mwavuli mwekundu anashuka kwenye kivuko, mvua inanyesha, na lugha yenyewe si Kiingereza wala Kihindi. Vijana walizomea karibu wavunje mabenchi, na yule mtafsiri akatupa kipaza sauti, akasema yeye si yaya. Wakatoka wote. Lakini picha ikabaki inaenda, na mke wa muuza sabuni aliyekuwa akipita akachungulia, akapiga kelele sokoni kote: "Njooni muone! Wajapani nao wana dagaa!" Unafikiri kuna mwanamke wa Mwigobero alibaki kwenye meza yake? Waliacha mizani, wakaacha watoto, wakaja wamejitanda khanga, na Shangazi akiwa mbele yao, mimi nimemshikia kapu. Bwana Mafuru alikuwa ameshakata tamaa, akasema tukae, ni bure, akairudisha kanda mwanzo.

Nimeona vitu vingi vizuri, lakini siku ile, ndani ya banda la mabati lililonuka jasho la wanaume, niliona mvua iliyochorwa na nikataka kukinga mikono. Kila tone lilianguka kivyake. Bibi yule alipofunua sufuria ya wali, mvuke ulipanda mpaka tukanusa. Na bahari yao, jamani, ya kijivu, inakuja na kurudi polepole kama ziwa letu asubuhi ya mawingu. Wanawake walikuwa wakibishana na skrini: "Mama wee, unaanika nene mno, zitaoza!" "Mwambie ageuze!" Kisha bibi na yule mtoto wakaanza kuzungumza, na pakawa kimya, maana hatukuelewa neno. Mke wa muuza sabuni akasema, "Si yupo msomi hapa? Binti wa sekondari, hebu tuambie." Wakanisukuma mbele. Nikasimama, Shangazi ananitazama, ndiyo mara ya kwanza nakumbuka ananitazama akiningoja mimi. Nikasikiliza kwa makini sana. Nikasema, "Hiki ni Kijapani. Hatukifundishwagi." Nikaenda kukaa. Na Pili, alikuwa kasimama mlangoni na uzi mdomoni, akautema uzi, akaokota kipaza sauti. "Lugha ya nini? Kwani macho hamna?" Akaanza.

Alisema hivi. Yule bibi alikuwa na binti mmoja, binti akachukuliwa na maji, na bibi hakukubali. Kila siku anaanika dagaa, anatazama bahari, anasubiri. Sasa binti kaombewa ruhusa kule aliko, kapewa mvua moja tu, masika moja, aje akae na mama yake, na ndiyo maana kaja na mwavuli, ndiyo maana mama hamtambui, kwani maji yamembadilisha. Mama anamwita "wewe mtoto". Anampa chakula pembeni. Mtoto anavumilia, anabeba ndoo, anageuza dagaa. Ni kweli kwenye picha mtoto alikuwa akibeba ndoo na kula pembeni, lakini hayo ya maji aliyatoa wapi? Mwisho kivuko kikarudi, mtoto anapanda, bibi kasimama ufukweni mdomo wazi, na Pili akafanya sauti ndogo, sauti ya mtoto kabisa, akasema, "Mama, mimi ndimi. Nilikuja, umenilisha, nimeshiba. Usinisubirie tena ufukweni. Nililie, halafu uanike dagaa wako, jua limetoka." Shangazi akatoa sauti. Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu tena. Alianguka mchangani, mikono kichwani, akaita, "Nyangeta! Nyangeta wangu weee!" na wanawake wote wakamwangukia, wakalia naye kilio kizima cha msiba, kile kilichongojwa, na Bwana Mafuru akaja mbio akidhani banda limeanguka. Pili alikuwa amemshika, kichwa cha Shangazi kifuani pake. Mimi nilisimama na kapu. Nililia pia, usidhani nina moyo wa jiwe. Lakini ndani ya kulia kwangu kulikuwa na hasira: mimi niliyemkanda miguu nimeshindwa, huyu kamfungua kwa uongo wa mdomoni.

Kesho yake asubuhi Shangazi aliingia chumbani kwangu, macho yamevimba, akalitungua gauni la njano. Akalikung'uta. Akasema, "Vaa." Nikadhani nimesikia vibaya. "Vaa, wewe mtoto, usiniangalie. Vaa uende nalo kanisani, sokoni, kokote." Lilinienea kama nimepimwa mimi. Naye alinitazama, akafunga kifungo cha nyuma, akatoka. Ungefikiri nilifurahi. Nilifurahi mpaka mlangoni tu. Halafu nikawaza: gauni hili nimepewa na nani, kama si Pili? Bila kipaza sauti cha Pili lingekuwa bado msumarini. Basi nikalivaa kwa hasira, nikalivaa kuchota maji, nikalivaa kwenye dagaa, makusudi, mpaka njano yake ikawa rangi ya haradali iliyochacha, na Shangazi hakunikataza hata siku moja. Mzee Majura alipokuja mara iliyofuata alinikuta mlangoni nimelivaa. Akasimama. "Nani kakupa hilo?" Nikamwambia, "Shangazi." Alinitazama kuanzia kola mpaka pindo, akaingia, akanywa chai bila kelele yoyote, akaaga. Habari ya mgomba hakuigusa tena, siku ile wala baadaye. Mimi nikadhani ni kwa sababu kilio kilishaliliwa bandani. Gauni lilinichanikia mabegani nilipofika kidato cha tatu, Shangazi akalikatakata akafanya vitambaa vya kushikia sufuria.

Haya, sasa rudi Bunda, kwenye maneno ya Kiingereza. Unajua filamu ile ilikuwa inasema nini? Bibi yule hakuwa na binti aliyezama. Hakuna aliyezama humo! Mtoto wa mwavuli ni mtoto wa ndugu yake, kaletwa kusoma shule ya mjini kwa mwaka mmoja. Basi! Kaletwa kwa shangazi yake muuza dagaa, anabeba ndoo, anakula pembeni, wenzake wanamkimbia kwa harufu, na usiku anafanya mazoezi ya kumwita yule bibi "mama" ndani ya blanketi, kisha asubuhi hathubutu. Mwisho kivuko kinaondoka na mtoto, bibi kabaki pale ufukweni, mdomo wazi, anamwita mtoto kwa jina lake, mara ya kwanza katika filamu nzima. Kelele za injini zinalimeza, lakini mtoto kageuka, kaona midomo, kajua. Filamu ilikuwa yangu! Ilitoka Japani, ikaingia boksi lisilo lake, ikavuka maji yote yale ikaja Mwigobero kunieleza mimi kwa Shangazi, na Pili akasimama katikati akampa Nyangeta. Nikamwonea wivu Pili, nikamwonea wivu Nyangeta, na ukitaka kucheka cheka, nikamwonea wivu yule mtoto wa kuchorwa kwa rangi, kwa sababu yeye aliitwa.

Msibani Kiriba nilikuta turubai limeshafungwa. Nilipoingia ndani ya nyumba, kwenye jamvi la karibu na jeneza, mahali pa watoto wa marehemu, alikuwa amekaa Pili. Kanenepa, kajifunga mtandio mweusi, anapokea pole. "Huyu ndiye mwanaye," mama mmoja ananieleza mimi, mimi wa damu! "Ndiye aliyemuuguza." Na ni kweli, alimuuguza, mimi nilikuwa nakuja mwisho wa mwezi. Pili aliponiona akanyoosha mikono, "Nyasatu, inna lillahi, mama katuacha," tukakumbatiana, nikalia begani pake, tonge langu la kushoto likiwa palepale. Nikavumilia mpaka mchana tulipokaa nyuma ya nyumba tunaosha mchele wa watu, wanawake wametuzunguka. Hapo nikasema, "Pili, ile filamu nimeiona tena. Safari hii na maneno." Akaacha kuosha. "Ya dagaa?" "Ya dagaa. Uliyosema wewe hayamo." Nilikuwa nimejiandaa abishe, nimwumbue. Akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mkono wenye maji, msibani pale. "Dada, kwani mimi Kijapani ningekijulia wapi? Nilimwangalia mama tu usoni, nikawa nasema anachotaka kusikia." Kisha akasema, "Haya, ya kweli ni ipi? Tueleze." Nami nikawaeleza. Niliosha mchele na kueleza, nikabadili sauti, nikawa bibi, nikawa mtoto, nikawa injini ya kivuko. Nilipofika pale pa jina, mama mmoja alijipangusa macho kwa khanga, na Pili alikuwa ameinama kabisa juu ya sufuria.

"Basi ilikuwa ya kwako," akasema. Halafu, kama anamwambia mchele: "Lakini wewe ulipewa gauni." Nikamuuliza gauni gani, ingawa nilijua. "La njano. Baba yangu alilishona, mimi nilitia vifungo kwa mkono wangu. Kabla hujaja nilimwombaga mama, gauni limekaa tu, nipe mimi. Alinifukuza na mwiko! Wiki nzima sikukanyaga kwenu. Halafu nikamlilisha mimi, bandani, mbele za watu, nikajua sasa atanipa. Asubuhi nakuona unapita dukani umelivaa, huna hata habari, umejipaka dagaa. Nyasatu, nilikuchukia, usinione ninacheka. Mpaka leo nikiona njano naumwa." Mungu anisamehe, Shangazi yuko ndani ya jeneza hatujamzika, na mimi nilifurahi. Nilisikia tonge limeshuka taratibu mpaka tumboni. Pili aliyekula sahani ya Shangazi, Pili aliyeitwa mwanangu, kumbe alilala macho wazi kwa ajili yangu! Nikamwongezea maji ya kuoshea kwa heshima zote.

Lakini furaha yangu huwa haikai. Alasiri, kabla ya kwenda kaburini, vijana wa ukoo waliuliza kama wakate mgomba, ili Nyangeta azikwe na mama yake, jambo liishe. Mzee Majura bado yupo, mkali vilevile, hasikii vizuri ila anajibu kila kitu. Akasema, "Mgomba utauvisha nini?" Wakasema watatafuta nguo. "Nguo yake iliyobaki ilikuwa moja, gauni la njano, na gauni lile lilivaliwa na mtu hai, anayepumua. Nguo ikishavaliwa na aliye hai haizikwi, mnataka kumzika huyo aliyeivaa? Mama Nyangeta alijua. Nilikuja nikaona kwa macho yangu, nikajua shemeji kanifungia mlango. Aliliachia gauni litembee ili mtoto wake asizikwe kamwe." Nilikuwa nimesimama pale na beseni. Kwa hiyo! Hakulia ili kuachilia, alilia na kesho yake akafunga komeo. Na mimi nilikuwa nini? Nilikuwa mtoto aliyependwa, au msumari mwingine wa kutundikia gauni? Nimejiuliza njia nzima ya kwenda kaburini, na najiuliza hata ninapoandika. Alikifunga kile kifungo cha nyuma kwa upole. Hilo nalijua, mgongo wangu unalikumbuka. Lakini alikuwa anamfungia nani?

Kaburini, jeneza likashushwa. Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto. Watu wakamtazama Pili, na Pili akaanza kufunga vizuri mtandio wake asogee, ndipo Mzee Majura akagonga fimbo chini. "Mtoto wake yupo," akasema. "Hajazikwa, kwa hiyo yupo. Aliyevaa gauni aje." Akanyoosha fimbo mpaka ikanifikia mimi, akaita kwa sauti ambayo watu wa nyuma kabisa waliisikia, "Nyangeta!"

Miaka yote nilikuwa nimengoja kuitwa nyumbani kwa Shangazi, na sasa ninaitwa, mbele za ukoo mzima, kwa jina la yule yule. Sikusogea. Ningeweza kusema mimi ni Nyasatu, mwalimu wa Butiama. Nikasikia pumzi ya Pili nyuma ya sikio langu, na kiganja chake, kile kilichotia vifungo, kikanigusa mgongoni palepale pa kifungo. "Nenda basi," akanong'ona, na sauti yake ilikuwa imejaa wivu mtupu. "Si wanakuita?"

"Abee," nikaitika, nikainama, nikachota udongo.